Simu Isiyoita Asubuhi

Jumatatu, 5 Januari

Sketi tisa tangu alfajiri, kila moja na marinda yake. Mgongo umekakamaa. Wazazi wa hapa Mlandege, Iringa, wana Desemba nzima ya kupima watoto wao, lakini wanangoja shule zikaribie kufunguliwa ndipo waje kwa pamoja. Nawapokea kwa tabasamu. Moyoni nawatukana.

Leo baba mmoja kanifokea mbele ya watu. Eti kanipigia mara tatu asubuhi kuuliza kama sare iko tayari, sikupokea, kaja na mtoto bure. Nikamwambia simu haikuita. Hakuniamini, nilimwona usoni. Nikaitoa kwenye mkoba unaoning'inia msumarini, nikakuta kweli kapiga mara tatu. Huo msumari uko juu ya kichwa changu pale ninaposhona. Na mimi siyo kiziwi. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, nilikuwa namsikia anayetafuna muwa dawati la nyuma.

Kulikuwa na ujumbe wa Rehema pia. "Mama upo?" Basi. Uliingia saa mbili asubuhi, nimeuona saa tisa alasiri. Nikamjibu: Nipo mwanangu, kuna nini? Hajajibu mpaka sasa.

Rehema ndiye mtoto wangu wa pekee. Yuko Usangu, kaolewa na Masanja, ukoo wa wafugaji waliohamia huko kutoka Usukumani, wana ng'ombe na mpunga. Siyo mtu wa kuandika bila sababu.

Hii simu ina kichaa. Usiku wa Mwaka Mpya kikundi cha kwaya kilinitesa na salamu na picha za maua mpaka nikataka kuitupa chooni. Mama Frida, jirani yangu, akanielekeza namna ya kuzima kelele kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nikaweka mwenyewe, bila miwani, nikajisifu. Bure kabisa. Usiku bado inalia. Jana saa tano nimeamshwa na waridi jingine.

Jumanne, 6 Januari

Nimempigia Rehema saa tisa, baada ya kumaliza mashati. Kapokea Masanja.

"Shikamoo mama." Sauti laini, ya adabu. Rehema kaenda mashineni kukoboa. Nikasema sawa, nilitaka kumsalimia tu. Halafu akauliza: "Mama, jana ulimwandikia kuna nini. Kwani amekwambia kuna kitu?"

Nikasema hapana. Akacheka. Sijakipenda kicheko kile.

Labda nakuza mambo. Nimechoka na cherehani, kila kitu kinanikera.

Jumatano, 7 Januari

Asubuhi simu nane sikuzisikia. Nane! Wateja watahamia kwa yule wa pembeni mwenye cherehani ya umeme.

Mchana nikafunga kibanda, nikaenda kwa fundi simu karibu na soko. Kijamaa kina kalamu sikioni na dharau kidogo. Akaipiga kwa simu yake, ikalia mpaka watu wakageuka. Akaandika ujumbe, ikalia. "Mama, simu yako iko fresh." Nikamwambia asubuhi haikulia. Akachukua mswaki, akasugua matundu ya spika, akanionyesha vumbi la nyuzi. "Ona, unashona nayo." Nikaona aibu, nikalipa.

Jioni yote imelia. Nimefurahi kama mjinga.

Alhamisi, 8 Januari

Haikulia.

Rehema kapiga mara mbili. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, na tena saa moja na dakika tano. Nilikuwa hapa hapa. Mkoba nimeuweka mezani, karibu na mkasi. Naapa sikusikia chochote, hata mtikisiko. Nimekuja kuona saa nane, nilipotafuta namba ya muuza vifungo.

Nikapiga hapo hapo. Masanja tena. Shikamoo mama, habari za kazi, habari za Iringa. Rehema kalala, kichwa kinamuuma. Nikaomba nimsikie sauti tu. Akasema ukimwamsha mgonjwa unamwongezea maumivu, mama, wewe ni mwalimu unajua. Akakata kabla yangu.

Rehema halali mchana. Hata akiwa na malaria alikuwa anafua.

Niandike tu, hakuna anayesoma hapa. Julai alikuja hapa na jicho limevimba, limefunga. Alisema amepigwa na tawi. Siku ya pili akasema siyo tawi. Nikamwacha apumzike siku tatu, halafu nikamsindikiza stendi mwenyewe. Nilimwambia ndoa inataka uvumilivu, na mimi baba yako nilimvumilia. Nilimnunulia na maandazi ya njiani. Alipanda basi bila kugeuka nyuma.

Sijawahi kumwambia mtu. Hata Mama Frida anadhani alikuja kusalimia.

Ijumaa, 9 Januari

Jana jioni Mama Frida kasema simu imejaa. Tumefuta video za kwaya, harusi tatu na mazishi mawili. Tumebadilisha mlio, sasa inawika kama jogoo. Tumeivua kava. Tumeizima na kuiwasha. Kila tulipoijaribu ikawika vizuri, mpaka kuku wake wakashtuka. Tulicheka sana.

Tulikuwa tunaijaribu saa kumi jioni.

Leo asubuhi jogoo hakuwika. Watu watano wamepiga, Rehema hayumo. Ningekuwa mtu wa kuamini mambo yale ningesema kuna mkono wa mtu. Siamini. Lakini nimeiweka mbali na kitanda.

Fundi wa pili, yule wa mjini, kasema tatizo ni la mfumo, akabonyeza huku na kule, akanirudishia. Mwingine aliyekuwa pale kasema ninunue mpya. Wote wanaongea kwa uhakika, na hakuna anayejua.

Jumamosi, 10 Januari

Nimeikuta saa saba mchana. Iliingia saa mbili kasoro kumi. Nainakili yote, kwa sababu sitaki kuifungua tena.

"Mama najua umenichoka. Sikulaumu. Ila usipige mchana tena. Asubuhi akienda na ng'ombe anaacha simu ichaji kwenye sola, ndo naipata. Akirudi saa sita inakaa mfukoni kwake mpaka kesho. Kila ukinijibu anasoma yeye. Ile ya jumatatu alisoma. Ukipiga anasema namshtaki kwenu. Kesho asubuhi kama hujajibu sitakusumbua tena."

Nimeisoma nimesimama. Halafu nikakaa chini sakafuni, juu ya vipande vya kitambaa.

Kwa hiyo kila mara nilipopiga, nilikuwa napeleka fimbo. Mimi. Kwa mkono wangu mwenyewe, huku najiona mama mwema.

Nilianza kumjibu. Nimekuchoka lini, mwanangu? Nikafuta. Ni saa saba, simu iko mfukoni kwa yule mtu. Siwezi kuandika hata nukta. Nimefunga kibanda mapema. Mteja kaja kupiga hodi, nimejificha ndani ya nyumba yangu kama mwizi.

Kesho siendi kanisani. Nitakaa na hii simu mapajani tangu alfajiri.

Jumapili, 11 Januari

Saa kumi na moja nilikuwa nimeshakaa, chai pembeni. Kulipopambazuka nikaandika: Rehema, sijakuchoka. Simu yangu ni mbovu, asubuhi hailii, ndiyo maana. Nipo sasa. Niambie amekufanya nini, nije nikuchukue.

Tiki moja. Haijafika. Nikasema mtandao.

Saa mbili, tiki moja. Saa tatu, tiki moja. Simu nimeikodolea macho mpaka yanatoa machozi. Kengele ya kanisani imelia, watu wamepita wakiwa wamependeza, mimi na gauni la kulalia.

Saa tatu na nusu jina la Mama Frida likatokea kwenye kioo. Anapiga. Naona anapiga. Mkononi mwangu, mbele ya macho yangu, na hakuna sauti. Sikupokea. Nilibaki natazama kama mtu aliyeona nyoka. Alipokata ndipo nikaona juu ya kioo, karibu na alama ya betri, kuna kamwezi. Kadogo, kama ukucha. Sijawahi kukaona, maana asubuhi sijawahi kuitazama hii simu kwa miwani.

Sikujua ni ka nini. Niliogopa kukagusa, nisije nikafuta ujumbe wangu. Nikakaa natazama tiki moja na kamwezi.

Saa sita kamili kamwezi kakatoweka. Peke yake. Dakika hiyo hiyo jogoo akawika, kwaya wanaulizana nani amebaki na ufunguo wa ukumbi.

Nikaingia kule Mama Frida alikonielekeza. Pale pamechorwa uso wa saa, na mshale. Kuanza: 4. Kuisha: 12. Mshale nilisogeza mwenyewe. Saa nne hadi saa kumi na mbili, kama tunavyosema sisi. Lakini simu haihesabu kama sisi. Nne yake ni saa kumi alfajiri. Kumi na mbili yake ni saa sita mchana. Nilitaka inyamaze usiku, nikainyamazisha asubuhi, saa zile zile mtoto wangu alizokuwa nazo.

Miaka thelathini na miwili. Saa ya boksi ukutani, mishale ya bati. Mshale mfupi ukiwa kwenye kumi, watoto, ni saa ngapi? Saa nne, mwalimu! Nimewachapa watoto kwa kukosea hili.

Nimeifuta. Nimefuta kila kitu kule.

Halafu saa nane na robo tiki zikawa mbili. Nikashangilia kwa sauti. Kisha nikaangalia saa.

Zikageuka bluu.

Nani kasoma? Nakaa hapa naandika nani kasoma kana kwamba sijui.

Jumatatu, 12 Januari. Rujewa

Basi la kwanza la kwenda Usangu. Sare za watu nimemwachia Mama Frida, nikamweleza yote, hata Julai. Alinifungia kiporo cha ugali na mboga.

Kabla ya Makambako simu ikawika. Abiria wakacheka. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mara ya kwanza mwaka huu simu kulia asubuhi, na mpigaji ni Masanja. Nikapokea.

"Shikamoo mama. Uko wapi?"

Kazini, nikasema. Wakati huo huo kondakta akapaza sauti: Makambako, Makambako wa kushuka! Masanja alisikia. Nilimsikia akipumua. Kisha akasema taratibu, "Karibu sana mama," akakata.

Rujewa nikachukua pikipiki. Njia imejaa tope, mashamba yamejaa maji, watu wameinama wanapandikiza mpunga. Hatukufika nyumbani kwao. Mwanamke alisimama katikati ya njia na jembe, akatuzuia. Ni Kabula, mama yake Masanja. Nilimwona siku ya harusi tu.

Alimwambia dereva asizime pikipiki. Aliongea haraka, Kiswahili chake cha Kisukuma, akiniita mayu, yaani mama, mkono wake umeshika wangu.

"Mayu, usiende kule. Iko anakusubiri, tangu asubuhi hajaenda na ng'ombe. Mtoto yako haiko. Jana Masanja alichukua simu akaenda nayo porini, huko mtandao hakuna. Kurudi tu ikaingia meseji yako. Akapiga yule mtoto. Mimi nikaingia katikati, na mimi akanisukuma, ona." Akanionyesha kiwiko. "Alipoenda kunywa, nikamtoa kwa nyuma, nikampeleka mpaka barabara ya lami. Nimemzaa mwenyewe yule kijana, mayu. Ninaona aibu."

Nikauliza Rehema kaenda wapi. Kwangu hajafika.

Kabula akatazama chini. "Nilimwambia nenda kwa mama yako. Akasema mama haipokei. Akasema anaenda kwa shangazi yake, kule kwenye mashamba ya chai."

Ameenda kwa wifi yangu, Igowole. Njia ni hii hii ya kwenda kwangu Iringa, kashuka kabla ya kunifikia.

Nimeshindwa hata kumshukuru vizuri yule mama. Nimempa kitenge nilichokuwa nimejifunga, nikabaki na gauni. Akaniambia nisikae, nikaondoka. Mabasi ya kwenda huko yalikuwa yamejaa, nimechukua chumba hapa, nimesogeza meza mlangoni. Jua halijazama. Naogopa kila pikipiki inayopita.

Masanja kapiga mara nne. Mwite mwanao, mama, tuongee kama familia. Mara ya nne sikupokea.

Jumanne, 13 Januari. Igowole

Baridi, ukungu mpaka mlangoni. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alinipokea nje kwa salamu ya kwao. "Kamwene wifi." Hakunikaribisha ndani mara moja. Alisimama mlangoni na mwiko. Nadhani alikuwa anapima kama aniingize.

Rehema yuko jikoni, karibu na moto. Mkono wa kushoto umefungwa kwa khanga. Mdomo umepasuka. Alinyanyuka akasema, "Shikamoo mama," kama mgeni anayemwamkia mwalimu mkuu.

Nikaanza kueleza. Nilieleza yote, mbio mbio, kamwezi, mshale, nne na kumi na mbili, mafundi wawili, mswaki. Nilitoa simu nikamwonyesha pale palipokuwa pameandikwa. Nilitaka aone. Nilijisikia naongea kama mtuhumiwa. Wifi alikuwa anakoroga uji, hakugeuka.

Rehema alisikiliza mpaka mwisho. Akairudisha simu mkononi mwangu. Akasema polepole, bila hasira:

"Sawa mama. Nimeelewa. Lakini Julai haikuwa simu."

Moto ulikuwa unapasukapasuka. Nilitafuta neno, nilitafuta yale yote niliyowahi kuwaambia wazazi wa wanafunzi, wake za wazee wa kanisa, yeye mwenyewe pale stendi. Hakuna.

Nikasema, "Hapana. Julai ilikuwa mimi."

Alikaa chini. Nami nikakaa, siyo karibu sana.

Jumatano, 14 Januari

Polisi, dawati la jinsia. Binti mwenye sare kaandika yote, hakumkatisha Rehema hata mara moja. Nilimsikia mwanangu akisema mambo ambayo kwangu hajawahi kuyasema. Mara ngapi. Kwa nini. Na nini. Nilitaka kutoka nje, nikajilazimisha kubaki kwenye benchi. Aliulizwa kama aliwahi kumweleza mtu. Alisema, "Nilimweleza mama." Binti akanitazama. Nikasema ni kweli, andika.

Tukapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda hospitali. Mfupa wa mkono una ufa. Wamemfunga plasta.

Masanja kapiga saa tatu, saa nne, saa nne na nusu. Jogoo anawika mpaka wagonjwa wananung'unika. Nimembadilisha, sasa ni kengele tu. Ujumbe wake wa mwisho: "Najua njia ya Iringa mama."

Nimempa binti wa dawati asome. Kaunakili na huo.

Jumapili, 18 Januari

Tumerudi Mlandege juzi. Rehema alikubali kuja. Sijui ni kwa sababu yangu au kwa sababu kwa shangazi yake kuna chumba kimoja. Sikuuliza.

Haongei sana. Anashona vifungo kwa mkono mmoja, shati analibana kwa magoti. Begi lake limekaa nyuma ya mlango, zipu imefungwa, na kila akitaka kitu anafungua, anatoa kimoja, anafunga tena.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, simu ililia mezani kati yetu. Jina la Masanja likasomeka wazi. Rehema hakuitazama simu. Alinitazama mimi.

Nikapokea. Alianza na shikamoo. Akasema Jumatano anakuja na wazee watatu, tuyamalize kifamilia, mke arudi kwake, mpunga unasubiri. Sauti ile ile laini. Nikamwambia, "Rehema yuko kwangu, na harudi. Hao wazee waje, watanikuta mimi na polisi." Akasema nitajuta. Nikamwambia nimeshajuta, kwa mengine. Nikakata.

Ninaogopa Jumatano. Mama Frida kasema mume wake na vijana wa kwaya watakuwepo. Binti wa dawati kanipa namba ya mwenzake wa hapa mjini, nimeiandika ukutani kwa chaki. Lakini ninaogopa.

Rehema aliendelea na kifungo chake. Baadaye aliniuliza kama sabuni ipo. Nikamwonyesha ilipo, nikaenda kanisani peke yangu.

Nimerudi saa saba. Begi liko nyuma ya mlango, limesinyaa, halina kitu. Nguo zake zote zimeanikwa kwenye kamba yangu, katikati ya zangu, amezifua kwa mkono mmoja. Mvua ilipoanza kudondoka nikatoka kuzianua.